Siku Tisa Tulizokunyima, Baba

Leo umetimia mwaka mmoja, Baba, tangu ulipotutoka bila kumlaumu mtu.

Majirani wakiuliza kazi yako, ulisema unaandika draiva, kisha ukiona nyuso zao unaeleza: ni programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi mpya iliyopachikwa tumboni mwake. Ile mashine yako, kompyuta ya mfumo wa Unix, nzito kama jiwe la kusagia, ilikaa kona ya sebule miaka kumi na saba. Mama aliiita mke mwenza. Kila ulipobadilisha mstari wa programu uliiwasha upya, ukaisubiri mkono kiunoni. Ikikwama, uliiambia, "Pole, kosa ni langu."

Ulilazwa ukiwa katikati ya draiva ya kadi ya shule ya wasioona, ya kuendeshea mtambo wao wa kuchapa vitabu vya nukta nundu. Kitinda, binti yako wa mwisho, akaamua kukuwekea kitanda sebuleni ili ukirudi usipande ngazi. Mashine akampa mtu wa vyuma chakavu, pamoja na boksi la diski lililokuwa juu yake, lenye nakala zako zote. Alidhani ni takataka. Sisi kaka zake ndio tuliobeba, kwa hiyo lawama si yake peke yake.

Ulipouliza mashine inaendeleaje, Kitinda alijibu, "Ipo, Baba. Tunaifuta vumbi." Sisi tukaitikia kwa kichwa. Siku tisa uliuliza, siku tisa tukakudanganya, tukijiona watoto wema.

Siku ya kumi fundi wa shule alikuja kukujulia hali. Alikuwa amepitia nyumbani kufuata kazi, akakuta kitanda. Akakwambia. Hukutugombeza. Uliomba daftari na kalamu tu.

Ukaandika kutwa, siku baada ya siku. Tulidhani ni wosia. Tusikufiche, Baba: ulipolala tulifunua kurasa tukitafuta majina yetu. Tuliona aibu baadaye, si wakati ule.

Ilikuwa ile draiva, yote kutoka kichwani. Fundi ameinakili neno kwa neno. Kadi inatambuliwa, mtambo unanguruma, lakini karatasi haitoki. Anasema ulibakiza kama kurasa tatu, kazi ya siku moja kwa mwendo wako.

Siku moja, nasi tulikula tisa.

Kitinda anajifunza kazi yako sasa, kwa daftari hilo. Anakwenda polepole na fundi anamvumilia. Kwenye ukurasa wa mwisho, pembeni ya mstari uliofutwa, umeandika kwa mkono uliochoka: "Pole, kosa ni langu." Akifika hapo hufunga daftari.

Hapana, Baba. Lilikuwa letu.

Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye siku hizi anammisi mke mwenza wake, wanao watatu wa kiume, Kitinda, wakwe zako, wajukuu na fundi wa shule. Maadamu tuko hai, hutasahaulika.