Ndama wa Baba Anaitwa Taciturn

Shangazi Scolastica, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana nimejiingiza mwenyewe na sijui nitatokaje. Mimi ni Tekla, mwalimu, niko likizo nyumbani Basotu, najiandaa na mtihani wa Kiingereza wa kuombea chuo cha nje nikasome shahada ya pili, na maneno yake ni magumu balaa, kwa hiyo kila neno naliandika kwenye kadi na nyuma naweka jina la mtu anayefanana nalo, ndipo linakaa kichwani. Neno taciturn, yaani mtu asiyependa kuongea, nyuma yake niliandika Gidahosh, ndiye baba, kwa sababu anaweza kuchunga wiki nzima asiseme zaidi ya "haya". Akaiona kadi. Kiingereza hajui ila jina lake analisoma, akauliza, "Hili la upande wa pili ni nini?" Nikaogopa, nikamwambia maana yake ni mzee wa heshima. Shangazi, alifurahi! Wiki hiyohiyo ng'ombe akazaa ndama jike, baba akampa jina hilo, sasa wiki ya tatu anaita "Tasitani! Tasitani!" kutwa nzima, na jioni ananiuliza leo nimejifunza neno gani. Jumapili anawaita wazee wanibariki safari ya kwenda kufanya mtihani, anikabidhi huyo ndama mbele yao, na Mwalimu Tadei aliyenifundisha Kiingereza kaalikwa. Akiwaeleza maana yake, baba ataaibika. Nimwambie, au ninyamaze nisimuumize?

Marahaba, Tekla. Wewe nawe! Maneno yote hayo umeyameza, ukweli ndio unakukwama? Uoga wako nauelewa, mzee akifurahi hivyo nani ana moyo wa kumkatiza. Lakini asije akausikia kwa Tadei. Leo jioni ng'ombe wakishaingia zizini, mfuate mkiwa wawili tu, mwambie, "Baba, nilikudanganya, nisamehe," kisha mpe maana yenyewe. Ukimya si tusi. Akitaka kumbadilisha ndama jina, shauri lake, ndama bado ni wake.

Ila mimi kuna jambo linanishangaza. Mtu wa "haya" tu, leo anaita ndama kutwa na kukuuliza maneno! Pengine hakuna aliyewahi kuzungumza naye hayo unayosoma. Ukishaomba msamaha, muulize kwa lugha yenu mtu mkimya anaitwaje, halafu kaa usikilize.

Na ile kadi, futa jina la baba. Aliyekaa wiki tatu na jambo moyoni bila kulisema ni wewe. Andika Tekla.