Bi Mkubwa Juu ya Mawe

Jumamosi, 4 Machi

Nimeanza! Leo nimeingia uvunguni mwa gari la Mzee kwa mara ya kwanza maishani, na dunia haikusimama.

Liko juu ya mawe tangu Mzee apate kiharusi. Tunaliita Bi Mkubwa. Mama ndiye aliyelipa jina hilo. Anasema siku Mzee alipolileta nyumbani, yeye alishushwa cheo palepale akawa mke mdogo. Hakuna fundi aliyewahi kuligusa. Mafundi, Mzee alikuwa akisema, wanachomoa kizima wanakupachikia kibovu, halafu wanakuuzia kizima chako mwenyewe. Kila kitu alifanya kwa mikono yake, hapahapa uani.

Sasa mkono wa kulia umelala mapajani, na maneno yote yamemtoka isipokuwa moja. "Bado." Utakunywa chai? Bado. Umelala vizuri? Bado. Jana nilimtania: Mzee, unanipenda? Bado! Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalia, na mimi nikajifanya natafuta sindano.

Kaka alikuja asubuhi. Akikuta gari liko hivyohivyo Jumamosi ijayo, analeta mtu wa vyuma chakavu. Gari lisilotembea ni banda la panya, amesema. Mzee alisikia. Aligeuza uso ukutani. Ndipo nikaropoka kwamba nitalitengeneza mimi. Kaka akaniuliza nitalifanyaje, nitalishonea gauni?

Haya. Acheke tu.

Jumapili, 5 Machi

Betri imekufa kabisa. Jirani ameniazima yake. Plagi nimezitoa, nimezisugua, nimezirudisha. Hewa ya matairi sawa, ila moja. Kiota cha panya kwenye chujio la hewa — Kaka hakukosea sana.

Tatizo ni breki. Pedi zimekwisha, chuma kinalamba chuma. Na mafuta ya breki kwenye kikopo chake yamekuwa meusi kama kahawa iliyosahauliwa jikoni.

Utotoni Mzee alimfundisha Kaka kazi hizi. Mimi nilishika tochi. Shika vizuri, mulika hapa, usitikisike! Kaka alifundishwa hakujifunza. Mimi sikufundishwa, nikajifunza nusu. Hiyo nusu bado inaniuma, niseme ukweli. Nataka Mzee anione mara moja tu nikiwa upande ule wa spana.

Jumanne, 7 Machi

Nguo za watu zinanisubiri kwenye cherehani, mimi niko uani nimejipaka grisi hadi masikioni. Mteja mmoja alikuja kuchukua sketi, akaniuliza kama fundi cherehani yupo. Nikamwambia ametoka.

Pedi mpya nimefunga magurudumu ya mbele. Nati moja ilikataa kufunguka mpaka nikaisimamia spana kwa miguu yote miwili. Mama alikuwa akipita na ndoo. Akasema kwa kusimamiwa hivyo hata yeye angefunguka.

Mzee anakaa dirishani siku nzima. Tumemsogezea kiti. Ananitazama. Simsomi usoni. Upande mmoja wa uso wake umelala, na ule mwingine ndio hajawahi kuutumia sana.

Alhamisi, 9 Machi

Leo breki. Siku kubwa.

Mzee alikuwa akinunua mafuta kwenye madumu, kisha akiyagawa kwenye chupa nyeusi za dawa ya kifua na kuzipanga kwenye rafu ya stoo. Hakuandika kitu juu ya chupa hata moja. Alizifunga nyuzi shingoni, nyuzi alizoniibia mimi kwenye kikapu! Mbili tu zina mafuta ya maana: moja uzi mwekundu, moja uzi wa njano. Moja ya breki, moja ya usukani. Nyekundu ni kusimama, taa za breki ni nyekundu, hatari ni nyekundu. Sikuhitaji kuuliza. Tena sikutaka kuuliza. Nilitaka amalize kutazama aseme, kwa jicho lake hata kama si kwa mdomo, kwamba huyu anajua.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Nikamwita Mama. Akapanda, akakaza khanga yake kiunoni, akasema leo anamkanyaga mke mwenzake kwa idhini ya serikali. Kanyaga, Mama! Achia! Kanyaga! Yale meusi yakatoka, mapya yakaingia. Mazuri, yana wekundu wa mbali, kama sharubati iliyozidishwa maji. Nikajaza kikopo mpaka kwenye alama.

Hapo Mzee akaanza kelele. Bado! Bado! Anapiga kioo kwa mkono ule mzima, pete inalia. Mama akasema ona, ana wivu, tumemshikashika mke wake. Tukacheka. Nikampungia mkono wenye mafuta. Akazidi. Mwishowe Mama akaenda kumtoa dirishani na kumlaza, akafunga pazia.

Limesimama vizuri! Nimezunguka mtaa mara mbili. Ukigusa breki tu, linasimama.

Jumamosi, 11 Machi

Kaka amekuja, amewasha, amezunguka, amerudi. Akazima injini. Kisha akasema dada, nakuvulia kofia. Hana kofia, lakini nimeipokea.

Nimemalizia na viti. Vitambaa vipya vya buluu, mshono maradufu, mifuko nyuma ya viti vya mbele. Tukamleta Mzee avione. Alipitisha vidole juu ya mshono, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Nilidhani nimepata nilichokuwa nakitafuta.

Halafu Kaka akamshika amwingize wakatembee kidogo. Akakataa! Aling'ang'ania fremu ya mlango, akalia machozi. Bado, bado, bado. Kaka alisema ni woga wa ugonjwa, daktari alituonya. Tukamrudisha ndani. Iliniharibia siku.

Jumatano, 15 Machi

Magurudumu ya mbele yanapata moto. Pedi mpya hubana mwanzoni, nimesikia mtu akisema. Zitazoea.

Kitu kingine kidogo. Nilifungua kikopo cha breki kuangalia. Mafuta yamejaa, hakuna kinachovuja. Ila ule mpira ulio ndani ya kifuniko umekuwa mkubwa, haurudi mahali pake. Umejikunja kama kola iliyokatwa vibaya. Nimeupunguza kwa mkasi pembeni, duara safi, ukakaa sawasawa. Kila kazi na ujuzi wake! Kipande nimekitupia kwenye kopo la pini, maana mimi situpi mabaki.

Jumapili, 19 Machi

Wamegonga.

Kaka alikuwa anampeleka Mama kwa dada yake. Ule mteremko unaoishia kwenye duka la mikate. Gari halikusimama. Ukuta ndio uliolisimamisha.

Mama nyonga imevunjika. Kaka amekwaruzika kipaji cha uso. Kijana wa duka alikuwa ametoka mlango wa nyuma kumwaga maji, ndiyo maana hakuna aliyekufa.

Siwezi kuandika zaidi. Mzee hajui. Au anajua. Nilipoingia alinitazama mikononi, si usoni.

Jumatatu, 20 Machi

Mkaguzi wa magari amelipima. Amekanyaga breki mbele yetu: ngumu, imekaza. Amefungua boneti, mafuta yamejaa kwenye kikopo. Pedi mpya kabisa. Akamgeukia Kaka akasema, si kwa ukali, ndugu, breki hizi zinafanya kazi, wewe ulikanyaga pedali ya mafuta. Hutokea, hata kwa wazoefu.

Kaka akasema alikanyaga breki ikazama hadi chini. Mkaguzi akakanyaga tena. Ngumu. Kaka akaangalia mguu wake kama amekabidhiwa mguu wa mtu mwingine.

Namwonea huruma. Na nina hasira naye pia, Mungu anisamehe. Mama amelazwa wodini, mfuko wa mchanga unamvuta mguu. Dereva mzima wa basi la shule!

Jumanne, 21 Machi

Habari imefika shuleni kwake. Wamemsimamisha kuendesha basi. Wazazi hawataki watoto wao wapandishwe na mtu asiyejua breki iko wapi. Mkewe ameniambia hasemi, hali, anakaa kitandani anakanyaga hewa. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto.

Mama wodini hataki kumwona. Amesema asiletewe huyo mpaka afundishwe gari upya. Nilidhani anatania, maana Mama hutania. Hakuwa anatania.

Bi Mkubwa amerudishwa kwa gari la kuvuta. Uso umebonyea. Viti vyangu vya buluu havina hata doa.

Alhamisi, 23 Machi

Nimetoka wodini nikakuta kiti cha dirishani kitupu.

Alikuwa stoo. Amejiburuza ukutani peke yake, kiatu kimoja kimebaki mlangoni. Amebana chupa ya uzi mwekundu kwapani. Nilitaka kumgombeza. Akanisukuma kwa bega kuelekea uani, kwenye gari.

Boneti haifungi tena. Akagonga kifuniko cha kikopo cha usukani. Nikakifungua. Akakamata kidole changu, akakichovya ndani, akakifuta kwenye fulana yake nyeupe. Alama nyekundu. Akaninyooshea chupa. Nikamimina kidogo, akafuta. Nyekundu ileile. Nikaenda mwenyewe kuleta ya uzi wa njano. Njano, kama chai ya mgonjwa.

Akakitazama kikopo cha breki. Hakukigusa. Alinisubiri nikifungue mwenyewe, na nikafungua. Nikachovya, nikafuta chini ya zile tatu.

Nyekundu.

Alifunga uzi kwa kufuata rangi ya mafuta. Basi. Si hatari, si kusimama, si taa. Na siku ile dirishani alikuwa ananiambia, na sisi tukamfungia pazia.

Nilikaa chini palepale. Akaweka mkono wake mzima juu ya kichwa changu. Ingekuwa nafuu kama angenipiga.

Ijumaa, 24 Machi

Nimekwenda duka la vipuri, lile la mbali nisikojulikana. Nimeuliza kama mtu anayeuliza tu. Mwenye duka akashika kichwa. Mafuta ya usukani kwenye breki? Yanavimbisha mipira yote, amesema. Breki zinabana bila kukanyagwa, magurudumu yanapata moto, mafuta yanachemka, pedali inazama. Ikipoa inarudi ngumu kama kawaida, mtu akipima anaona nzima. Dalili ya kwanza ni ule mpira wa kifuniko, unavimba haurudi mahali pake. Mwenye macho angejua hapohapo.

Akaniuliza nani amefanya kitu kama hicho.

Nikasema, fundi mmoja.

Mzee angecheka.

Jumamosi, 25 Machi

Nilikwenda wodini na maneno tayari mdomoni. Mama akanishika mkono, akasema nisijali mambo ya gari. Mimi nililitengeneza vizuri, akasema, mikono yangu ni ya baba yangu. Kaka ndiye wa kulaumiwa. Kisha akaomba maji. Nikampa maji.

Nikapita kwa Kaka. Mlangoni nilisikia anamweleza mkewe jinsi mguu ulivyoteleza. Sasa ana maelezo kamili! Anakumbuka soli ilikuwa na maji. Juzi alikuwa na hakika alikanyaga breki. Leo ana hakika hakukanyaga. Sikubisha hodi.

Kwa nini sikubisha hodi? Naogopa. Ndiyo hivyo. Naogopa Mama kukataa kunitazama kama anavyokataa kumtazama yeye. Na hilo neno la mikono nimelisubiri maisha yangu yote, sasa limekuja na siwezi kulirudisha.

Jumapili, 26 Machi

Naandika nikiwa chumbani, kwenye cherehani. Kaka amekuja. Yuko barazani na Mzee, pazia tu limetutenga, kila kitu kinasikika.

Alinisalimu kwa shida. Amesema kesho anakwenda shuleni kukiri kwamba kosa ni lake, labda wampe kazi ya kufyeka nyasi. Lakini kwanza kwa Mzee. Amevua viatu, amepiga magoti. Naona kisigino chake chini ya pazia.

Anasema Mzee, nimekuharibia gari lako. Nimemvunja Mama. Nilikanyaga vibaya, sina la kujitetea.



Anasema Mzee, nisamehe. Umenisamehe?

Bado, anasema Mzee.

Kaka anajua ni neno pekee alilobakiwa nalo. Sote tunajua, tumelicheka nyumba nzima. Lakini analia. Analia kama mtoto aliyeambiwa hapana. Anauliza tena. Nisamehe, Mzee.

Bado. Bado. Na mkono ule unapiga mkono wa kiti, pete inalia vilevile kama ilivyolia kwenye kioo. Hasemi naye. Sauti yake inakuja moja kwa moja kwenye pazia. Anasema na mimi.

Kopo la pini liko wazi mbele yangu. Kipande cha mpira kiko juu kabisa, duara safi, limekatwa na mtu anayejua mkasi. Nimekishika. Kaka anauliza kwa mara ya tatu.