Boksi la Sherifu wa Mwezini

Marlys shoga, nimejifungia chooni kwenye maonyesho ya midoli hapa Dayton. Sitoki.

Unamkumbuka mdoli wangu wa Sherifu wa Mwezini? Yule niliyekukataza hata kumpumulia? Miaka arobaini na tano ndani ya boksi lake, gundi ya kiwandani haijaguswa.

Leo Wendell Stroud mwenyewe, yule aliyeigiza Sherifu kwenye TV tukiwa watoto, alikuwa anasaini. Ana miaka themanini na sita. Nikampa boksi ili alisaini kwa juu.

Akalifungua.

Marlys, AKALIFUNGUA. Kwa kidole gumba, kama pakiti ya biskuti. Mimi nikapiga yowe, nikamkamata mzee wa watu mkono.

Akasema, "Binti, tulia. Sijawahi kumwona mdoli wangu. Hawakunipa hata mmoja."

Nikamwachia. Ungefanyaje?

Akachungulia ndani, akanywea. Halafu akamtoa Daktari Kutu. Adui yake kwenye TV, yule aliyekuwa akimfunika kila kipindi. Na upara wake na meno yake ya bati. Kiwandani walikosea, na mimi miaka yote hiyo nimemfutia vumbi adui.

Mzee akasema, "Hata humu kanichukulia nafasi."

Jamaa aliyekuwa nyuma yangu akaninong'oneza kwamba kosa kama hilo ni adimu mno, wakusanyaji wangepigana ngumi kulipata. "Ila lazima boksi liwe halijafunguliwa."

Nikamuuliza, sasa bila kufungua mtu angejuaje?

Nilipokimbilia huku alikuwa bado anafikiri.