Chupa Zilizomwagwa Mferejini

Zuhura mwanangu,

Assalam alaykum, wewe uliyetangulia. Rehema nimekuombea tangu alfajiri. Sasa nisikilize, nina hasira.

Ami yako Bakari kamwaga chupa zako. Siku ile gari lilipokugonga njia ya Horohoro, hujatolewa hata ndani kwenda kuzikwa, yeye yuko kwenye friji anazitoa. "Nyumba ya msiba haikai na maji ya mavi ya ng'ombe." Akazimimina zote kwenye mfereji wa banda. Mimi niko mkekani, wanawake wamenishika huku na huku, nasikia tu maji yanavyomwagika.

Hata mimi nilizichukia, ukweli usemwe. Nilizifunga nailoni mbili, virusi visije vikaingia kwenye mchuzi wa papa. Ukacheka. "Mama, hivi havina haja na wewe. Vinawinda bakteria." Ukanieleza mpaka nikaelewa: bakteria anayevimbisha kiwele cha ng'ombe wetu Biharusi, sindano hazimwezi tena, lakini naye ana adui zake. Kuna virusi vinamwingia, vinazaana humo mpaka anapasuka. Na kuna vingine vikimwingia vinatulia, pengine vikampa sumu ambayo hakuwa nayo, akazidi ubaya. "Ndiyo maana nachagua, Mama. Sichoti tu nikampa ng'ombe." Miezi unachagua, mwanangu. Mtu akaja akamwaga.

Sasa kiwele kimevimba tena, maziwa yanatoka mabonge. Ami anasema chupa zako ndizo zilizomwambukiza. Ng'ombe kaumwa kwanza, chupa zikaja baadaye, hilo halimwingii akilini. Jana kaja na kisu: achinjwe kwa hitima yako, thawabu zikufikie. Nikasimama mlangoni pa banda, kanga nimeikaza kiunoni. "Shemeji, kachomwa sindano juzi, ya kujaribu tu. Unataka watu wale dawa kwenye pilau? Na thawabu gani hizo, za kumchinja mgonjwa wa marehemu?" Akasema msiba umenirusha akili. Sawa. Lakini kisu karudi nacho. Hitima tutasoma kwa wali wa nazi na samaki.

Leo nikakumbuka neno lako, kwamba virusi hivyo hukaa pale pale alipo bakteria. Mfereji aliomwagia, si ndimo ulimokuwa ukichota? Nimejaza chupa moja, nimempelekea Mwajuma, mwenzako wa chuoni. Kasema ulivyovichagua wewe havitambuliki tena humo, itabidi kuanza upya. Nimemwambia aanze. Kuchota nitachota mimi.

Lala, mama. Biharusi hachinjwi nikiwa hai. Na usihangaike, mikono nimenawa kwa sabuni, kama nilivyokuwa nikikugombeza wewe.

Mama yako, Nguvumali