Maji Hayakai Humu

Kibwezi, Jumapili

Dada Kanyiva,

Natumaini huko Mombasa u mzima. Hapa mbuzi wako amezaa pacha, nami ofisini bado napanga mafaili.

Ile boti kuukuu aliyoinunua Baba huko kwenu baada ya kumzika Mama sasa inang'aa. Injini zote mbili zinanguruma. Tulizijaribu moja moja ndani ya pipa la maji. Ubavuni ameandika jina la Mama. Jana alitaka kuipeleka bwawani, awapandishe akina mama wa kwaya.

Jumanne usiku mvua kubwa iliijaza. Asubuhi tukaikuta kavu. Baba akacheka, mara ya kwanza tangu matanga. "Kyule, umeona? Maji hayakai humu!"

Nikacheka naye. Lakini dada, maji yaliyopata njia ya kutoka yatapata njia ya kuingia. Siku mbili niliogopa kumwambia.

Ijumaa, akiwa ananitazama, nilimimina ndani ya boti mitungi yote minne iliyoletwa na punda.

"Wewe, umerogwa? Tutapika na nini?"

Maji yakaanza kudondoka vumbini, chini ya jina la Mama.

Baba aliinama akayatazama. Kisha akaleta karai, akalisukuma chini ya boti kuyakinga.

"Lete lingine," akasema polepole. "Hata hapa panavuja."

Jana hakuna aliyekwenda bwawani.

Mdogo wako mwoga,
Kyule