Ukuta Usiopitia Motoni

9 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe na mama mkiwa wazima, na kifua chako kimepata nafuu. Mimi sijambo, ila joto la huku limezidi. Jana lami ilininasa kiatu katikati ya barabara, nikakivuta kama mtu anayeng'oa muhogo.

Najua ni mwaka na nusu sijaandika, na sababu unaijua. Siku ile nilisimama mbele ya tanuri lako, wateja wakisikia, nikasema matofali yako ndiyo yaliyomaliza miti ya mlima na kukausha chemchemi. Ulikuwa umeshika sepetu. Kesho yake nikapanda basi nikijiona shujaa.

Leo nina jambo la kukiri. Unajua kazi yangu ni kutengeneza viyoyozi. Kabla ya kufungua bomba lazima gesi ya ndani itolewe. Njia ya haki ni kuivuta kwa mashine iingie kwenye mtungi, lakini inakula muda. Njia yetu ni kulegeza nati, gesi inalia fyuuu, unasogea pembeni, basi. Koleo, fundi mwenzangu, anaiita kumwaga mzimu.

Mwezi uliopita tulipelekwa semina. Mwalimu wetu, mama mfupi mwenye sauti ya upole, akauliza nani amewahi kumwaga gesi hewani. Mikono yote ikapanda, tukacheka. Akasubiri tumalize. Akatueleza kwamba dunia imejifunika hewa kama blanketi. Makaa ya mawe, mafuta ya magari na viwanda, na misitu inayochomwa, vyote vinalifanya blanketi hilo kuwa zito, joto likose pa kutokea. Ndiyo maana mvua zimesahau miezi yao. Kisha akasema gesi ya kiyoyozi kimoja tu cha chumbani, ikimwagwa, inapasha joto sawa na kuchoma tani nzima ya kuni.

Kimoja, baba. Mimi nilikuwa nafungua thelathini kwa mwezi.

Nyani haoni kundule, na nyani mwenyewe nilikuwa mimi, nimeshika spana. Naomba unisamehe. Si kwamba miti ya mlima haikuisha, bali kwa namna nilivyokusema, na kwa kujiona msafi.

Msalimie mama, na goti lake linalomsumbua.

Bintiyo


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Kifua kinakohoa asubuhi tu, kama jogoo. Mama yako ameisoma barua yako mara mbili. Mimi nimeisoma mara moja na nusu, maana katikati miwani iliingia ukungu.

Uliniaibisha hadharani, radhi umeileta kwenye bahasha. Nimeipokea, lakini sitasema haikuuma. Niliuma meno siku ile kwa sababu hukuwa mwongo. Tanuri langu la kwanza nililichoma kwa kuni nilizokata huku nikimsikia mama yako akiimba pale uani. Sasa gari la kuni linatoka milima mitatu mbele, na dereva analalamika kwamba hata huko ni visiki vitupu. Chemchemi imebaki tope la kunyweshea nyuki. Wanawake wanashuka hadi mto mkubwa, na mama yako na goti lake yumo.

Ila nikuulize. Hao wenye viwanda vya makaa ya mawe, wenye magari mawili kila nyumba, moshi wao na wangu ni sawa? Mimi moshi wangu ni kikohozi cha kuku. Na hiyo nyumba uliyozaliwa, na ada zako zote hadi chuo cha ufundi, vilitoka kwenye tanuri hilohilo. Kuniambia niache ni rahisi. Mtu akinyang'anywa mpini apewe basi hata kijiti. Nitashika nini?

Mama yako anasema ule vizuri na uache kuandika kama karani.

Baba yako


20 Machi

Baba,

Shikamoo, na mama pia. Nimefurahi hadi Koleo akauliza kama nimeposwa.

Swali lako ni la haki. Nilimpelekea yule mwalimu wa semina. Akasema ni kweli, mzigo mkubwa ni wa mataifa yaliyochoma makaa na mafuta kwa miaka mingi, na wanaoumia kwanza ni wenye moshi mdogo kama sisi. Wale wadaiwe, tena kwa sauti. "Lakini," akasema, "chemchemi ya babako haikukaushwa na kiwanda cha mbali peke yake. Mlima ukiwa uchi, hata mvua ikija haikai."

Sasa kuhusu cha kushika. Jumamosi alinipeleka kwa mjenzi mmoja mzee anayetengeneza matofali bila moto. Anachekecha udongo, anachanganya na saruji kidogo sana, kwa sababu saruji nayo huzaliwa motoni, anatia maji kiasi cha kufinyangika tu. Kisha anaujaza kwenye mashine ya chuma yenye mkono mrefu, watu wawili wanaulemea, tofali linatoka limebanwa kama jiwe. Linakaa kivulini wiki nne likinyunyiziwa maji. Kuni, hakuna hata kijiti. Nimeichora mashine kila upande na vipimo vyake. Mchoro huo hapo. Yule mchomeleaji wa sokoni ataiweza.

Habari yangu mimi si nzuri. Nilimwambia bosi sitamwaga gesi tena. Akanihamishia stoo, nahesabu skrubu. Koleo amebaki juu ya mapaa peke yake. Usiwe na wasiwasi.

Bintiyo


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako goti limemruhusu kutembea bila fimbo, sasa hakamatiki. Mimi mzima.

Nimechelewa kwa sababu sikutaka kukuandikia aibu. Mchomeleaji aliunda mashine, ikatoka nzito kuliko ng'ombe. Matofali ya kwanza yalipasuka yote. Ya pili yalikuwa na mchanga mwingi, ukiyagusa yanakuachia unga mkononi. Watu wakapata kichekesho. Wakaniita Keki. Nikipita sokoni nasikia, "Keki, leo umeoka ngapi?" Mimi, niliyejenga nusu ya nyumba wanazolala.

Ilibidi mama yako aingilie kati. Alikuwa ananitazama tu, siku moja akachota udongo wa kichuguu, akaukanda na wa bondeni, akasema, "Miaka yote unafinyanga, hujui udongo unavyoshikana?" Tukabana. Baada ya wiki nne nikaloweka moja kwenye ndoo kutwa nzima. Lilitoka na kona zake zote. Sikumwambia mtu. Nilikaa nalo mapajani.

Sasa sikiliza. Mwalimu mkuu wa shule, yule mama asiyecheka, aliniagiza matofali ya kuchoma kwa madarasa mawili. Nikampelekea lile lililolowekwa. Akaligonga kwa ufunguo, akaliangusha sakafuni. Halikuvunjika. Akaniuliza, "Utawaweka watoto wako mwenyewe humo ndani?" Nikamwambia wa kwangu ni mmoja tu, na yeye ndiye aliyenituma.

Akakubali, darasa moja kwanza. Likianguka, mwanangu, si Keki tena watakayoniita.

Wewe stoo itakutoa lini?

Baba


3 Septemba

Baba na mama,

Shikamooni. Niliposoma habari za ndoo nilipiga kelele, mlinzi akaja.

Stoo imenitoa, kwa mlango wa nje. Bosi alisema nimekuwa mhubiri. Nilisikitika siku mbili. Siku ya tatu Koleo akaja na begi lake la vifaa, ameacha kazi. Akasema tangu niondoke, kila akilegeza nati anaisikia sauti yangu, kazi haifurahishi. Sasa tuko wawili. Mwalimu wetu ametuazima mashine ya kuvuta gesi. Tunazunguka maduka na ofisi, tunaivuta, tunaisafisha, tunairudisha kwenye viyoyozi vilevile. Wengine wanatukataa kwa sababu tunachukua muda mrefu. Wachache wanakubali.

Redioni wanasema mvua za huko zitakuja kubwa na mapema. Darasa limefika wapi? Ukuta umeinuliwa kutoka ardhini? Yule mjenzi mzee alinisisitizia: chini jiwe, juu paa lililochomoza. Tofali hili halikai na miguu majini.

Niandikieni upesi.

Bintiyo


2 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Redio imesema daraja limekatika na nyumba zimesombwa bondeni. Simu ya dukani huko kijijini haiiti. Nimekwenda stendi mara tatu, mabasi ya huko hayaondoki.

Hata kama darasa limeanguka, sijali. Niandikie mstari mmoja tu kwamba mpo.

Bintiyo


9 Novemba

Mwanangu,

Tupo. Naanza na hilo, marahaba itafuata. Mama yako mzima, mimi mzima. Barua zako mbili zimefika pamoja leo, posta ilikuwa upande wa pili wa daraja ambalo halipo.

Mvua ilinyesha siku nne. Siku ya pili, saa nne asubuhi, mlima ulitoa sauti kama lori linalomwaga kokoto. Maji hayakuwa na mti wa kuyazuia hata mmoja. Yalishuka na tope lote, yakapita uani kwetu, yakachukua jiko la mama yako na tanuri langu pamoja na majivu yake, kana kwamba halikuwahi kuwapo. Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti. Nilijua kila kisiki kilichoachia tope lile, vingi nilivikata mimi. Usidhani nilisahau ulichokisema.

Mama yako akanivuta shati, "Utakumbuka baadaye." Tukakimbilia shuleni, mahali pa juu. Watu wote wa bondeni walikuja kule. Madarasa ya zamani yalikuwa yameezuliwa paa na upepo. Lililobaki na paa ni la kwangu. Wakaingia, wazee, watoto, mbuzi, kina mama na masufuria. Na mimi nje, mvuani, siwezi kuingia. Nilikuwa naukagua ukuta kwa kiganja, kona hadi kona, namwomba Mungu.

Nikuambie ukweli wote. Ukuta wa nyuma, kule mwisho, fundi alikuwa ameishiwa mawe ya msingi, akaanza na tofali chini kwa hatua tatu. Mimi niliona nikanyamaza, nilikuwa na haraka. Pale maji yalipotuama, matofali ya chini yakaanza kulainika. Nikaingia nikasema kwa sauti, "Tokeni upande huu, nimekosea pale." Wakahama. Jioni kile kipande kikaketi chini polepole, kama mzee anayekaa kwenye mkeka. Hakuna aliyeguswa. Kuta nyingine zote, zenye jiwe chini, hazikutoa hata ufa. Watu themanini waliishi humo siku tisa.

Mvua ilipokata, mwalimu mkuu aliniita. Nilidhani anataka kunivua nguo hadharani. Akatazama lile tundu, akasema, "Hapa tutaweka mlango wa pili. Darasa la pili utaanza lini?"

Na kuna jingine. Mkutano wa kijiji ulikaa. Wameamua mlima ufungwe, asikate mtu, visiki viachwe vichipue, maana vingi bado vina mizizi hai. Wakatafuta mlinzi anayejua kila njia wakata kuni wanayopita. Wakanichagua mimi. Mchomeleaji alicheka hadi akakaa chini. Nimeanza kuzunguka. Kuna vichipukizi vimefika gotini, vingine kiunoni. Miti hiyo sitaiona ikitoa kivuli kamili. Mama yako anasema si lazima kila kitu nikione mimi.

Marahaba, mwanangu. Wewe habari yako?

Baba


28 Novemba

Baba yangu, mama yangu,

Shikamooni mara nyingi. Nilisoma barua yenu nimekaa kwenye ngazi za posta, Koleo akanishikia begi, akajifanya anatazama magari.

Habari yangu ni hii. Hospitali kubwa ya hapa inabadilisha viyoyozi vyake vyote vya zamani, zaidi ya mia mbili. Yule mwalimu wa semina aliwaambia gesi ile isimwagwe, wakauliza nani anaweza kuivuta. Kazi tumepata sisi. Mafundi wanne wa bosi wangu wa zamani wametuomba tuwafundishe. Mmoja ni yule aliyecheka kuliko wote siku ya semina.

Tumepewa uwanja wa kuweka karakana nyuma ya hospitali. Kwa sasa ni banda la mabati. Saa saba mchana humo ndani unaweza kukaanga yai kwenye meza. Koleo anasema tufunge kiyoyozi. Nikamtazama, naye akaona haya.

Nawapenda.

Bintiyo


10 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima.

Hospitali nzima mnaipoza, wenyewe mnaiva kwenye mabati. Mama yako amesema hilo haliwezekani. Daraja la muda limefunguliwa wiki hii, mabasi yanapita. Zamu yangu ya mlima mchomeleaji ataishika kwa mwezi mmoja. Amezoea kucheka, akacheke huko juu. Mashine ya matofali tumeifungua vipande vitatu ili iingie kwenye buti la basi. Mama yako anakuja na mfuko wa udongo wa kichuguu, maana hauamini udongo wa huko hadi aulinganishe.

Tunaondoka Jumatatu, barua hii nimempa dereva wa basi, itatutangulia kwa siku moja. Usijibu, hutatukuta.

Tafuta mawe ya msingi. Mengi kuliko unavyodhani.

Baba yako