Panya wa Gari la Mshonaji

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke mpaka ufike mwisho. Mimi ni fundi wa magari, umri umeshasogea na bado naishi peke yangu, na nina mteja, mwanamke mshonaji, anaendesha gari dogo aliloachiwa na marehemu baba yake. Mara ya kwanza alikuja akilalamika kwamba akiwasha feni hewa inanuka mkojo wa panya, nikafungua kasha la filta nikakuta kiota kimetengenezwa kwa vipande vya vitambaa anavyobeba kwenye buti, nikasafisha, nikabadilisha filta, na muda wote yeye amekaa kwenye kigoda changu ananisimulia wateja wanaonenepa halafu wanamlaumu yeye kwa nguo kubana, nikacheka mpaka machozi, na alipoondoka gereji ikawa kimya nikaichukia.

Shangazi, dawa ya panya wale naijua. Ni wavu wa chuma wenye matundu madogo, unaufunga pale hewa inapoingia chini ya kioo cha mbele na kwenye mdomo wa bomba la filta ya injini, kazi fupi tu. Sikumwambia. Nilisafisha nikijua atarudi, akarudi, akarudi tena, mpaka nikawa nikitoa kiota najua alikuwa anashona nini, sare za shule, mapazia, na siku moja nikatoa lesi nyeupe, nikamuuliza, "Mbona hukutualika harusini?" Akasema, "Harusi ya nani, fundi? Hiyo ya mteja. Mimi nani anioe na gari linalonuka hivi?" Nikajifanya natafuta spana.

Juzi amekuja macho mekundu, anasema panya wamemshinda, Jumamosi anamkabidhi gari mnunuzi. "Baba atanisamehe," akasema, na ameniachia nilisafishe mara ya mwisho. Nikisema kweli atanichukia, nikinyamaza sitamwona tena, na tayari namkosa kabla hajaondoka. Nifanye nini?

Fundi Mpweke

*

Fundi, nimecheka katikati, unisamehe. Pole sana. Kubaki kwenye gereji tupu baada ya mtu kukuchekesha si jambo dogo, na sikulaumu kwa kumtamani. Lakini mtoto wa watu amevuta harufu ya mkojo wa panya muda wote huo ili wewe upate mazungumzo. Huo si upendo, ni uchoyo, na sasa anauza kumbukumbu ya baba yake kwa kukosa wavu ambao wewe unaujua. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe umeficha mawili, dawa na moyo.

Usingoje Jumamosi. Leo hii funga huo wavu sehemu zote mbili. Mwambie vitambaa visilale kwenye buti, makombo yasikae chini ya viti, na asiegeshe karibu na nyasi ndefu wala jalala. Sumu asiweke ndani, maana panya akifia kwenye matundu ya hewa mtatafuta uvundo wiki nzima. Na gari litembee, panya anapenda gari lililolala.

Halafu umwambie yote. Anza na kosa, moyo ufuate, kwa sababu ukianza na moyo ataona unajikomba ili usamehewe. Atakasirika, na ana haki. Usimkatize, usijitetee, na spana ziache zilipo. Kuuza au kutouza aamue mwenyewe, akiwa ameshajua ukweli.

Kisha mwache aende. Hatakuwa tena na shida ya kumleta kwako, na utazikumbuka zile siku, najua, utakitazama kile kigoda. Vumilia. Usimpigie simu kuuliza kama panya wamerudi, kwani ukifanya kazi yako sawasawa hawatarudi. Ila ukisikia gari lake linaingia, feni inapuliza hewa safi na hakuna kilichoharibika, nawa mikono ukampokee mlangoni. Siku hiyo hajaletwa na panya.